Mwanamieleka wa Bratislava

Kabla ya Imi Lichtenfeld, mkufunzi aliyeupa umbo mtindo wa mapigano uitwao krav maga, kulikuwa na baba yake, Samuel. Akiwa na miaka 13 Samuel aliondoka kwao akafuatana na kundi la sarakasi lililokuwa likizunguka Ulaya ya Kati, na hakuiacha kazi hiyo kwa kiasi cha miaka 20. Alipigana mieleka, akanyanyua vyuma, akaonyesha maajabu ya nguvu mbele ya watu waliolipa kiingilio ili washangae. Enzi hizo, kabla sinema haijawanyang'anya wanasarakasi riziki yao, mtu wa miraba minne aliyeweza kukunja nondo kwa mikono mitupu alikuwa na jina kubwa kuliko mawaziri wengi.

Na Myahudi mwenye nguvu za namna hiyo alikuwa na soko lake la pekee. Wayahudi wa Ulaya walikuwa wamechoshwa na dhihaka ya kuitwa watu wa vitabu na mizani za dukani, watu wasioweza kurudisha hata kofi. Mwaka 1898, katika mkutano wa pili wa Wazayuni mjini Basel, daktari Max Nordau aliwataka wenzake wajenge misuli, na baada ya hapo vilabu vya michezo vya Kiyahudi vilichipuka kutoka Berlin hadi Vienna. Zishe Breitbart, mtoto wa familia ya wahunzi kutoka Łódź, alikata minyororo na kukunja vyuma jukwaani hadi akawa kipenzi cha Warsaw, Vienna na New York. Alikufa mwaka 1925 baada ya msumari aliokuwa akiupigilia kwa mkono kwenye mbao kupenya na kumchoma goti; jeraha likaoza, na madaktari wakashindwa. Kifo hicho kinasema mengi kuhusu kazi yenyewe. Nguvu za maonyesho hulipa siku ya maonyesho, na mwili ndio unaolipa deni.

Samuel alikuwa na akili ya kutoka mapema. Alihamia Bratislava, akafungua ukumbi wa mazoezi alioupa jina la Hercules, wa kwanza mjini humo kwa kunyanyua vyuma na mieleka. Kisha akafanya jambo ambalo watu wachache wa sarakasi wamelifanya: akajiunga na polisi. Alipanda hadi akawa mkaguzi mkuu wa makachero, akasifika kwa idadi ya wahalifu aliowatia mbaroni, na akawafundisha askari wenzake namna ya kumdhibiti mtu bila kumtoa roho. Ukitazama vizuri, hakubadili ujuzi, alibadili mwajiri tu. Mwanamieleka anajua mkono unakunjika hadi wapi kabla haujavunjika, na ujuzi huo ndio anaouhitaji askari kanzu akimvamia mwizi kwenye ngazi za giza.

Imi, ambaye jina lake kamili lilikuwa Imrich, alizaliwa Budapest tarehe 26 Mei 1910, lakini Bratislava ndiyo iliyomlea. Mji huo upo kando ya mto Danube, na mvulana aliyekulia humo alisikia lugha tatu kabla ya kufika shuleni. Wajerumani waliuita Pressburg, Wahungari waliuita Pozsony, na baada ya Dola ya Austria na Hungary kusambaratika mwaka 1918 ukawa wa Chekoslovakia, ukapewa jina la Bratislava. Wayahudi wapatao 15,000 waliishi hapo, wengi wao kwenye mitaa iliyobanana chini ya ngome ya kale. Ulikuwa pia mji wa wanazuoni wakubwa wa dini, na chuo chake cha Talmudi kilijulikana Ulaya nzima. Ndani ya mji huohuo, kwenye ukumbi wa Hercules, kachero mmoja aliyewahi kuwa mtu wa sarakasi alikuwa akimfundisha mwanawe kuogelea, kupiga sarakasi, kunyanyua vyuma, kupigana ndondi na mieleka.

Mwaka 1928 Imi alitwaa ubingwa wa mieleka wa vijana wa Slovakia. Mwaka uliofuata alitwaa ule wa watu wazima, katika uzito mwepesi na wa kati, na mwaka huohuo akashinda katika ndondi na katika mashindano ya kimataifa ya jimnastiki. Alikuwa pia mtu wa jukwaa la maigizo, jambo ambalo waandishi wa habari zake hulitaja haraka na kupita, ila mimi naona linafaa kushikiliwa kidogo. Mtu anayeigiza hujifunza kutazama jinsi mwingine anavyosimama, anavyoshtuka, anavyoinua mkono anapoogopa. Miaka mingi baadaye Imi angetumia macho hayo kutunga mafunzo yaliyoanzia kwenye mshtuko wa mtu wa kawaida, si kwenye umahiri wa bingwa.

Aprili 1935 michezo ya pili ya Maccabiah ilifanyika Tel Aviv, katika Palestina iliyokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Imi alisafiri na timu ya wanamieleka wa Kiyahudi kwenda kushindana, lakini safarini, katika mazoezi tu, alivunjika ubavu. Bingwa akawa mtazamaji. Wanafunzi wake wa baadaye walimsikia akilirudia kisa hicho, na kanuni aliyoiweka mbele ya zote katika mafundisho yake ni kwamba mtu asiumie, wala ulingoni wala mazoezini.

Mwaka mmoja baadaye mji wake ulianza kumfundisha kwa njia nyingine. Aprili 1936 sinema ya Kifaransa, Le Golem, ya mwongozaji Julien Duvivier, ililetwa Bratislava. Inahusu hekaya ya Wayahudi wa Prague kuhusu jitu la udongo linalowalinda dhidi ya mfalme mkatili. Vijana wenye siasa kali walifanya fujo kupinga isionyeshwe, na fujo zikatoka kwenye jumba la sinema zikaingia mitaani, kwenye vioo vya maduka ya Wayahudi na kwenye migongo ya wapita njia. Ghasia hizo hazikuzuka ghafla kama radi ya kiangazi. Ujerumani ilikuwa chini ya Hitler kwa zaidi ya miaka mitatu sasa, na kuvuka Danube kutoka upande wa Austria hakukuhitaji hata nauli kubwa kwa wachochezi.

Imi alikusanya vijana wa Kiyahudi, wengi wao mabondia, wanamieleka na wanyanyua vyuma kutoka vilabuni, wakaanza kulinda mtaa wao. Makundi ya wanaowachukia Wayahudi yalipokuja, yaliwakuta njiani. Hali hiyo iliendelea kwa miaka, na Imi aliingia katika mapambano mengi yasiyo na refa.

Hapo ndipo medali zilipoonyesha mipaka yake. Ulingoni mpinzani ana uzito kama wako, amepimwa, amefunzwa, anapumzika kengele ikilia. Mtaani wanakuja wengi, mmoja ana rungu, mwingine ana kisu, na chini si mkeka bali mawe ya barabara. Mwanamieleka aliyezoea kumwangusha mtu na kumlalia ili apate pointi anagundua kwamba akilala chini na mmoja, mateke ya wengine wanne yatamfuata mgongoni. Bondia aliyezoea glovu anapiga fuvu kwa ngumi tupu, na kinachovunjika ni mkono wake mwenyewe. Kukaba kabari kunachukua sekunde nyingi, na sekunde hizo hamna. Michezo humfundisha mtu asipige kooni, machoni wala kinenani, na hayo ndiyo maeneo yanayoweza kumsimamisha mtu mzito kwa pigo moja.

Wengi wanaomsimulia Imi huyageuza mapambano haya kuwa hadithi ya shujaa asiyeshindwa. Nadhani wanapunja maana yake. Bingwa anayetoka kila siku salama hahitaji kubuni kitu kipya. Anaendelea na kile kinachomfaa. Aliyeona wenzake wenye misuli na vikombe wakirudi nyumbani wakivuja damu ndiye anayekaa chini na kujiuliza kilichokosekana ni nini. Swali hilo alilibeba maisha yake yote.

Siasa nayo haikusubiri jibu. Baada ya mapatano ya Munich ya Septemba 1938, Chekoslovakia ilianza kukatwa vipande. Machi 14, 1939 Slovakia ilijitangazia uhuru chini ya kivuli cha Ujerumani, ikiongozwa na padri Jozef Tiso. Walinzi wa Hlinka, jeshi la chama tawala, sasa walikuwa na sare na ruhusa ya serikali. Kundi la vijana wa vilabuni haliwezi kupigana na dola. Mtoto wa kachero wa zamani, aliyekua akiamini kwamba polisi ndio wanaomkamata mkosaji, alikuwa sasa yeye ndiye anayetazamwa na polisi.

Tarehe 18 Mei 1940 meli kuukuu iitwayo Pentcho iling'oa nanga Bratislava, Imi akiwa miongoni mwa abiria wake. Kuiita meli ni kuipa heshima isiyo yake. Ilikuwa chombo cha mto, chenye magurudumu ya kusukuma maji ubavuni, kisichokusudiwa kuonja maji ya chumvi. Safari iliandaliwa na watu wa Betar, chama cha vijana wa Kizayuni, na abiria wakafikia kama 500 baada ya wengine kupandia njiani. Waliruhusiwa kuondoka, lakini hapakuwa na nchi iliyokubali kuwapokea. Waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1939 ulikuwa umeweka ukomo wa Wayahudi 75,000 kuingia Palestina kwa miaka mitano, na hawa hawakuwa na vibali.

Walikaa mtoni kwa miezi minne. Kila nchi iliyopakana na Danube iliwasukuma kwa jirani: mara wanazuiwa Yugoslavia, mara wanakwama kati ya Bulgaria na Romania, chakula kikipungua, maji ya mto yakinywewa na magonjwa yakifuata. Septemba 21, 1940 waliingia Bahari Nyeusi, wakapita Bosphorus, wakaingia Aegean. Oktoba 9 boila ikapasuka. Chombo kikasukumwa na mawimbi hadi kwenye kisiwa kitupu cha mawe, Kamila Nisi, kisicho na mtu, mti wala kisima. Abiria waliteremka wote, wakateremsha na mizigo kadiri walivyoweza, kabla Pentcho haijavunjika na kuzama.

Katika safari hiyo Imi aliruka majini mara kadhaa kuokoa walioanguka na mifuko ya chakula iliyopotea. Maji yaliingia sikioni, sikio likaoza, na ugonjwa huo ulikaribia kumuua. Hata hivyo, pale kisiwani, yeye na wenzake wanne walichukua mashua ya makasia wakaondoka kutafuta msaada Krete. Upepo ulikataa. Walipigwa na jua na mawimbi hadi siku ya tano, ndipo meli ya Waingereza ilipowaona na kuwapeleka Alexandria, Misri. Imi alifikishwa hospitali ya Wayahudi ya mjini humo akiwa mahututi, akapasuliwa mara kadhaa.

Walioachwa kisiwani hawakufa. Wanamaji wa Italia waliwaokoa, wakawapeleka kisiwa cha Rhodes, kilichokuwa mikononi mwa Italia, na mwaka 1942 wengi wao wakahamishiwa kambi ya Ferramonti di Tarsia, kusini mwa Italia. Kambi hiyo ilikuwa na waya na walinzi, lakini ilikuwa pia na shule na sinagogi, na hakuna aliyetiwa kwenye tanuri. Septemba 1943 Waingereza waliikomboa. Bahati ya watu wa Pentcho inapimika kwa kilichowapata wenyeji waliowaacha Rhodes: Julai 1944 Wajerumani waliwachukua Wayahudi zaidi ya 1,600 wa kisiwa hicho na kuwapeleka Auschwitz, na waliorudi walikuwa wachache sana. Kisiwa hicho si kigeni kwa wasomaji wa Lubumbashi. Wayahudi wengi wa Rhodes walikuwa wamekwisha kuhamia Katanga kufanya biashara kabla ya msiba huo, na mmoja wao, Nissim Soriano, ndiye baba wa mwanasiasa Moïse Katumbi.

Na Bratislava? Kuanzia Machi hadi Oktoba 1942 serikali ya Tiso iliwatoa Wayahudi wapatao 58,000 wa Slovakia kwa Wajerumani, na ikalipa marki 500 kwa kila kichwa ili wachukuliwe wasirudishwe. Ule mtaa chini ya ngome, uliolindwa na wanamieleka kwa ngumi, ulimalizwa kwa karatasi, mihuri na ratiba ya treni.

Kama Pentcho ingefika Haifa salama, huenda isingewasaidia sana abiria wake. Mwezi uliofuata, Novemba 1940, Waingereza waliwakamata wakimbizi wa meli nyingine bandarini hapo ili wawahamishie Mauritius. Haganah, jeshi la mgambo la Wayahudi, lilitega bomu kwenye meli ya Patria iliyokuwa iwabebe, likikusudia kuiharibu tu isiondoke. Meli ikazama na watu zaidi ya 250 wakafa. Wakimbizi wapatao 1,580 waliokuja kwa meli ya Atlantic walipelekwa Mauritius kweli, wakafungwa gereza la Beau Bassin hadi vita vilipokwisha. Imi, kwa kupotea baharini na kuokotwa na meli ya Waingereza, alikuwa ameingia kwa mlango mwingine.

Alipopona alijiunga na kikosi cha Wachekoslovakia waliopigana chini ya Waingereza. Alitumikia mwaka mmoja na nusu hivi, Misri, Libya, Syria na Lebanoni. Mwaka 1942 alipata ruhusa ya kuingia Palestina kihalali, akiwa na miaka 32, bila mali, na sikio lenye makovu.

Wapo waliomngoja. Vijana aliowafundisha Bratislava walikuwa wamemtangulia, na baadhi yao walikuwa tayari ndani ya Haganah. Sifa zake zikamfikia Yitzhak Sadeh, mwasisi na kamanda wa kwanza wa Palmach, kikosi cha mashambulizi cha Haganah kilichoundwa Mei 1941. Sadeh naye alizaliwa Lublin mwaka 1890, akatumikia jeshi la Urusi katika Vita Kuu ya Kwanza, na katika ujana wake alikuwa mwanamieleka. Mara nyingi husemwa kwamba Imi alipata kazi kwa sababu ya medali zake. Mimi naona kwamba aliyempokea alikuwa mtu wa fani hiyohiyo, aliyeweza kumtazama mtu akitembea na kujua kama anajua kuanguka.

Mwaka 1944 Imi alianza kuwafunza wapiganaji: nguvu za mwili, kuogelea, mieleka, matumizi ya kisu na namna ya kujikinga na kisu. Hakukuta kiwanja kitupu. Haganah ilikuwa na mafunzo yake ya mapigano ya mikono, kapap, na wakufunzi wake wa fimbo, ndondi na jujitsu. Fimbo zilipendwa kwa sababu rahisi: Waingereza walimfunga mtu aliyekutwa na bunduki, lakini fimbo ya kutembelea haina kesi. Wafuasi wa baadaye humwita Imi mwanzilishi kana kwamba aliamka asubuhi moja akiwa na kila kitu kichwani. Ukweli ni kwamba alikuta wenzake jikoni na sufuria motoni, akaongeza alichokuwa nacho, akaondoa vingi, na akakaa muda mrefu kuliko wote.

Waingereza nao hawakulala. Wapiganaji wa makundi ya siri zaidi, Irgun na Lehi, walikamatwa na kuhamishiwa Afrika, Eritrea na Sudan kwanza, kisha Kenya. Kuanzia mwaka 1947 kambi ya Gilgil, katika Bonde la Ufa, iliwafunga mamia yao hadi Julai 1948, miezi miwili baada ya Israel kutangazwa.

Mei 14, 1948 taifa hilo lilipotangazwa, Haganah ikawa jeshi la serikali, na Imi akawa mkufunzi mkuu wa mazoezi ya viungo na mapigano ya karibu katika shule ya mazoezi ya jeshi hilo. Ndipo mtindo wake ulipopata umbo, na sababu ya umbo hilo haikuwa falsafa. Kati ya mwaka 1948 na 1951 wahamiaji karibu 700,000 waliingia Israel, kutoka kambi za Ulaya, Iraki, Yemeni, Moroko na Libya. Walikuja wakisema lugha ambazo mkufunzi hakuzijua, wengine wamekonda, wengine hawajawahi kukimbia mita 100 maishani mwao. Jeshi lilimpa mkufunzi wiki chache, si miaka kumi kama mwalimu wa karate wa Okinawa. Hakuna nafasi ya mitindo 40 ya mateke.

Kwa hiyo Imi alianzia kwenye kile ambacho mwili unafanya wenyewe. Mtu akirukiwa ghafla, mikono huinuka kabla hajafikiri. Mtu akikabwa shingo, vidole huenda vyenyewe kwenye mikono inayomkaba. Badala ya kumfundisha kuruti aache mwitiko huo na ajifunze mwingine, alimfundisha auendeleze: mikono ile inayoinuka igeuke kinga, na papo hapo, katika mwendo uleule, mkono mwingine au goti lirudishe pigo. Kujikinga kwanza na kupiga baadaye, kama wafanyavyo mabondia, kunampa adui nafasi ya pigo la pili. Lenga panapouma. Maliza upesi. Tazama kama kuna mwingine. Ondoka. Mieleka yake ya ujana ilibaki ndani kama maarifa ya mizani ya mwili, ya kupiga ngwala na kuanguka bila kuvunjika, lakini ule ufundi wa kumlaza mtu mabega chini, uliompa ubingwa mwaka 1929, aliutoa kwenye mafunzo. Kwa mtu aliyeupata ujuzi huo kwa jasho la utoto, kuutupa ni jambo kubwa.

Mtindo huo ndio unaoitwa krav maga, yaani mapigano ya karibu, na ulifundishwa kwa askari wa miguu, makomando na walinzi. Haufai kusimuliwa kama mchezo safi usio na siasa. Ulizaliwa mtaani kwa wanaokimbizwa, lakini ulikomaa ndani ya jeshi lenye ushindi. Katika vita vya mwaka 1948 Wapalestina karibu 700,000 walipoteza makwao, na kwao kijana aliyefunzwa na Imi hakuwa mlinzi wa mtaa. Alikuwa askari mlangoni. Maandishi mengi ya sifa juu ya mzee huyu yanaanzia Bratislava na kuishia Netanya, mji wa Israel alikozeekea, bila kumtaja Mpalestina hata mmoja, na kwa hilo yanamnyima msomaji nusu ya habari.

Alitumikia jeshi kiasi cha miaka 20 ukihesabu tangu Haganah, akastaafu mwaka 1964. Kwa kawaida hapo ndipo mkufunzi wa jeshi anaporudi nyumbani na pensheni yake. Imi alifungua ukumbi Netanya, mji wa pwani alioufanya makao, na mwingine Tel Aviv, akaanza kazi ambayo kwa maoni yangu ilikuwa ngumu kuliko ya jeshi: kufundisha raia. Kuruti ana miaka 18 na amri ya kutii. Mwanamke wa miaka 50 anayerudi nyumbani usiku hana amri wala wiki nne za kambi, na sheria itamuuliza kwa nini alimpiga mtu kiasi kile. Mtoto wa shule anayeonewa hapaswi kufundishwa kumvunja mwenzake koo. Imi alilazimika kupunguza makali, kuweka viwango vya nguvu kulingana na hatari, na kusisitiza tena na tena kwamba pambano bora ni lile lililoepukwa kwa miguu au kwa ulimi. Baba yake alilijua hilo tangu upolisi: mshukiwa anafikishwa mahakamani akiwa hai.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kozi ya kwanza ya wakufunzi wa kiraia ilifunguliwa katika Taasisi ya Wingate, karibu na Netanya, kwa usimamizi wa Wizara ya Elimu, na mtindo ukaingia mashuleni. Alikopa kwenye judo mfumo wa mikanda, kutoka mweupe hadi mweusi. Mwaka 1978 alianzisha chama cha krav maga cha Israel. Mwaka 1981 Wamarekani wa kwanza walikwenda Wingate kujifunza ili wakafundishe kwao, na kutoka hapo mtindo ukaenea hadi kwenye vyuo vya polisi na kumbi za mazoezi za California, na baada ya muda hadi kwenye filamu za mapigano za Hollywood. Wakati huo alikuwa amekwisha kubadili jina la ukoo, akijiita Imi Sde-Or, kama walivyofanya wahamiaji wengi waliochukua majina ya Kiebrania.

Uzeeni aliendelea kuzunguka kumbi za wanafunzi wake akisahihisha mambo madogo: kisigino kimeinuka mno, mkono umechelewa, mbona umesimama mbele ya mtu mwenye kisu kama unayepigwa picha. Netanya walimjua kama mzee nadhifu, mcheshi, mwenye kuketi mkahawani na kupokea wageni waliotoka ng'ambo kumwona, akiongea nao kwa lugha kadhaa. Hadi miaka ya themanini ya umri wake alikuwa bado akibadilisha mbinu. Mwanafunzi akimthibitishia kwa vitendo kwamba kinga fulani inashindwa na mshambuliaji mwenye hila, kinga hiyo ilibadilishwa au ikaachwa, hata kama ilikuwa na umri wa miaka 30.

Alifariki tarehe 9 Januari 1998 huko Netanya, akiwa na miaka 87. Mpasuko ulikuwa umeanza kabla hajazikwa. Eli Avikzar, mwanafunzi wake wa kwanza kupata mkanda mweusi na aliyemrithi cheo cha ukufunzi jeshini, alikuwa amekwisha kuunda chama chake. Haim Gidon alibaki na chama cha mwanzo. Eyal Yanilov alianzisha kingine kilichoelekea nje ya Israel, na Darren Levine alijenga tawi la Marekani kwa mtindo wa biashara, likaingia katika kesi za kugombea jina mahakamani. Leo kila upande una mikanda yake, vyeti vyake na nembo yake ya herufi mbili za Kiebrania ndani ya duara, na kila upande una picha ya mzee ukutani.